Wapangaji sita, LUKU moja: tuangalie kwanza bei ya uniti

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye nyumba za kupangisha hapa Dar es Salaam, hasa wanaojenga sasa, kuhusu LUKU ya kuchangia, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla inayotumiwa na wapangaji wote.

Ugomvi wake unajulikana kila mtaa. Mwenye friji anaambiwa atoe mara mbili, anayerudi saa tano usiku anasema yeye hatumii kitu, mmoja anagoma kuchanga, umeme unaisha Jumamosi jioni na nyumba nzima inakaa gizani kwa kutegeana. Mama mwenye nyumba akiitwa kuamua, huwaambia wapangaji waelewane. Lakini hata wangeelewana kama ndugu wa tumbo moja, bado wangeumia, kwa sababu mita moja ikibeba vyumba sita, kila uniti inanunuliwa karibu mara tatu ya bei ambayo mpangaji mdogo angestahili kuipata.

Kwa bei zilizopangwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, tangu 2016, mteja wa nyumbani ambaye wastani wa matumizi yake hauzidi uniti 75 kwa mwezi yumo daraja la D1 na analipa Sh100 kwa uniti. Anayezidi hapo huhamishiwa T1, na huko uniti ni Sh292. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, tozo ya REA (ya umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, zinakuwa Sh122 na Sh356. Ndiyo maana wa D1 akinunua umeme wa Sh1,000 anapata uniti 8.2, na wa T1 anapata 2.8.

Sasa chukua nyumba ya vyumba sita. Chumba chenye taa mbili za wati 9 na televisheni ya wati 50, vyote saa sita kwa siku, pamoja na feni ya wati 55 inayozunguka saa nane usiku, kinatumia kama uniti 26 kwa mwezi. Friji ndogo inaongeza 26 nyingine hivi. Tuseme vyumba vinne havina friji na viwili vinazo: hizo ni uniti 208. Weka taa nne za korido na nje zinazowaka saa 12, na pampu ya maji ya nguvu farasi moja inayovuta saa moja kila siku. Hapo kuna uniti 35 tena. Jumla 243. Kwenye mita moja ya T1 nyumba inalipa karibu Sh86,500 kwa mwezi, ambazo zikigawanywa sawa ni Sh14,400 kwa kila chumba.

Kila chumba kikiwa na LUKU yake katika D1, asiye na friji analipa Sh3,172 na mwenye friji Sh6,344. Korido na pampu vinabaki kwenye mita ya zamani, na mwenye nyumba analipa Sh4,270. Jumla inashuka hadi chini ya Sh30,000. Anayepikia jiko la umeme la wati 1,000 saa mbili kila siku anakula uniti 60 kwa jiko peke yake, kwa hiyo atavuka 75. Sawa, lakini atavuka kwenye mita yake na hatawavusha wenzake watano.

Wengi hufunga mita ndogo ndani, moja kwa kila chumba, kisha wanasoma namba mwisho wa mwezi. Haki inapatikana, maana kila mtu anachangia alichotumia. Bei haishuki hata senti, kwa kuwa TANESCO inaiona ile mita kubwa tu.

Najua baba mwenye nyumba atauliza gharama. Ada ya kuunganishiwa umeme wa njia moja (single phase) mjini, pasipohitaji nguzo, ni Sh320,960 tangu Januari 2022. Mita sita mpya ni Sh1,925,760, na bado hujanunua waya. Akiongeza kodi ya chumba kwa Sh6,000 kwa mwezi, ada hiyo inarudi kwa miaka minne na nusu. Mpangaji asiye na friji atakuwa analipa Sh9,172 mahali pa Sh14,400, na mwenye friji Sh12,344, kwa hiyo hakuna anayepunjwa. Tena chumba chenye LUKU inayojitegemea hakikai wazi muda mrefu. Muulize dalali yeyote, hilo ni kati ya maswali ya kwanza ya mteja.

Kazi inaharibikia kwenye waya, na hapa naomba nisomwe taratibu. Nyumba iliyofungwa kwa ajili ya mita moja ina nyutro zote, yaani waya zinazorudisha umeme, kwenye baa moja (kipande cha shaba kinachoziunganisha). Fundi mwenye haraka hutenganisha waya za moto, akaziacha nyutro palepale. Umeme unaingia kwa mita ya chumba namba 2 na kurudi kwa nyutro ya chumba namba 5. Mita nyingi za LUKU hulinganisha mkondo wa moto na wa nyutro. Zikiona tofauti, taa ya tahadhari inawaka, na nyingine huhesabu kwa upande wenye mkondo mkubwa. Mpangaji anazima kila kitu, anaenda kazini, anarudi anakuta uniti zimepungua, anaanza kumshuku jirani. Mchawi ni taa ya korido: moto imechukua chumba cha karibu, nyutro imechukua kwingine.

Kabla ya kuita TANESCO, zima umeme wote kwenye mein swichi, fungua nyutro za kila chumba kutoka kwenye baa, kisha pima kwa mita ya mkono kati ya nyutro ya chumba kimoja na kingine. Mita hiyo ikilia, nyutro zimegusana mahali, na lazima patafutwe. Kila chumba kiwe na kisanduku chake chenye breka ya amperi 20 kwa soketi za waya wa milimita 2.5, na ya amperi 6 au 10 kwa taa za waya wa 1.5. Ethi, yaani waya wa usalama unaoingia ardhini, iwe ya nyumba nzima, yenye fimbo iliyozama vizuri. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Anayejenga sasa hana haja ya kuhangaika hivyo: apitishe bomba la kila chumba peke yake hadi ukutani zitakapokaa mita, kabla ya plasta.

Lipo na suala la kodi ya jengo inayokatwa kupitia LUKU, Sh1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwenye kudaiwa ni mmiliki, ila anayekatwa ni anayenunua umeme. Mita zikiongezeka, mmiliki apeleke namba zote TRA au TANESCO ili ikatwe kwenye moja, na hiyo iwe ile ya korido na pampu. Ikiachwa kwenye mita ya chumba kilichokaa wazi miezi mitatu, mpangaji mpya ananunua umeme wa Sh10,000 siku ya kuhamia na Sh4,500 zinatoweka. Huo si mwanzo mzuri wa kukaa na mtu.

Kwa TANESCO nina ombi. Mita ya pili, ya tatu na ya sita katika nyumba ambayo tayari ina umeme inategemea nguzo ileile, mara nyingi hatua chache kutoka mlangoni. Kutoza ada kamili ya mteja mpya kwa kila moja ndiko kunakowarudisha wenye nyumba wengi kwenye LUKU ya kuchangia. Iwekwe ada ya mita ya nyongeza inayolingana na bei ya mita, waya na kazi ya kuifunga, au mmiliki aruhusiwe kuilipa kidogo kidogo kila anaponunua umeme.

Fundi umeme wa majumbani,
Mbagala, Dar es Salaam