Mlango wa mtihani si mahali pa kudai ada

Mhariri,

Kila msimu wa mitihani vyuoni, wapo wanafunzi waliohudhuria vipindi vyote lakini wanarudishwa mlangoni kwa sababu hawajamaliza ada. Naomba nafasi nieleze kwa nini utaratibu huo hauwaletei wahasibu fedha wanazozitafuta, na nini kingefanyika wiki kumi kabla.

Tuchukue mfano wa ada ya shilingi 1,300,000 kwa mwaka. Bodi ya Mikopo (HESLB) ikimpangia mwanafunzi asilimia 60 ya ada, italeta chuoni 780,000. Familia inabaki na 520,000, yaani 260,000 kila semista, mbali na bima ya afya na michango mingine. Chuo kikikataa kumsajili mpaka alete hizo 260,000, jina lake halimo kwenye orodha ya waliosajiliwa, na asiyesajiliwa hapati bumu, yaani fedha ya chakula na malazi inayotoka Bodi. Bumu kamili ni 10,000 kwa siku, sawa na 600,000 kwa siku 60. Kwa mtoto wa mkulima, hicho ndicho chakula na ndiyo kodi ya chumba. Wengi tunaosema wameshindwa ada, kwa kweli wameondolewa na njaa. Chuo nacho kinakosa hata ile sehemu ya ada ambayo Bodi ilikuwa tayari kuilipa.

Kuzuia matokeo kuna madhara yaleyale. Kwa wanaoendelea na masomo, Bodi hutoa fedha baada ya chuo kuwasilisha matokeo yao. Chuo kinachoyafungia kabatini kinajifungia ada yake chenyewe. Dhamana chuo kinayo tayari, nayo ni cheti: hakuna anayekichukua kabla ya kumaliza deni.

Kinachofaa ni makubaliano ya maandishi, ukurasa mmoja tu, yawe yamesainiwa kabla wiki ya tatu ya semista haijaisha. Yataje kiasi kinachodaiwa, tarehe za kulipa, na simu ya anayelipa hasa, kwa maana mara nyingi mlipaji ni mjomba au dada, si mzazi aliyeandikwa kwenye fomu. Asaini mwanafunzi, asaini mlipaji, asaini mhasibu, kisha mwanafunzi asajiliwe siku hiyohiyo.

Tarehe za kulipa ndizo huharibu mipango hii. Ofisi hugawa deni sawasawa kwa miezi minne, 65,000 kila mwezi, kana kwamba kila mzazi ana mshahara. Mkulima wa korosho wa Mtwara au Lindi hupata fedha kuanzia Oktoba hadi Desemba mnada unapofanyika; huyo anaweza kulipa zote mapema. Mkulima wa mahindi wa Rukwa au Ruvuma huvuna katikati ya mwaka, na Januari ghala lake liko tupu. Kumpangia Januari ni kumpangia kushindwa. Aulizwe kwanza anauza nini na lini.

Jambo jingine dogo linalogharimu sana ni kumbukumbu namba ya malipo (control number). Nyingine hutolewa kwa kiasi kamili tu, na huisha muda. Mzazi akituma 100,000 malipo yanakataa, na fedha hiyo hailali nyumbani wiki nzima bila kupata kazi nyingine. Wahasibu watoe namba inayopokea malipo ya sehemu na inayodumu semista yote.

Kwa wanafunzi: aliyekosa mkopo mwaka wa kwanza anaweza kuomba tena dirisha likifunguliwa, na aliyepangiwa kidogo akate rufaa. Wanaokwama huwa ni kwa mambo yaleyale. Aliyerudia kidato cha nne ana namba mbili za mtihani, akaombea chuo kwa moja na mkopo kwa nyingine. Cheti cha kifo cha mzazi hakijahakikiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, hivyo yatima anahesabiwa kama mwenye wazazi wawili. Akaunti ya benki imelala, bumu linarudi lilikotoka. Mambo haya matatu yakaguliwe na dawati la mikopo la chuo siku ya usajili. Haichukui dakika kumi kwa mtu mmoja.

Ikiwa hapana budi kusimama, mwanafunzi aahirishe masomo kwa barua, apate jibu la maandishi, na nakala ifike dawati la mikopo. Anayefunga begi kimya kimya huandikwa mtoro. Hupoteza nafasi, na mkopo aliokwisha kuutumia unabaki deni lake bila shahada ya kumtafutia kazi.

Vyuo visivyo na mfuko wa dharura vianze na kiasi kidogo. Upungufu wa 260,000 kwa wanafunzi 40 ni 10,400,000. Fedha hiyo ikikopeshwa bila riba na kurejeshwa kabla ya semista inayofuata, hao 40 wanakaa darasani, na semista ijayo wanasaidiwa wengine.

Mshauri wa wanafunzi,
Morogoro