Kabla hujamlipa "mpelelezi binafsi", uliza karatasi hizi

"Mna mpelelezi mwenye leseni?" Swali hili tunaletewa sana ofisini kwetu Nzuguni, Dodoma, na anayeuliza mara nyingi ameshakutana na mtu mwingine kwanza: kijana mtanashati, kitambulisho cha plastiki chenye ngao na picha ya tai, maneno yote ya Kiingereza, na ombi la nusu ya malipo kabla ya kazi. Sisi ni kampuni ya ulinzi. Uchunguzi tunaufanya kwa kiasi, ule unaoruhusiwa, na tungependa mteja aelewe mipaka iko wapi kabla hajafungua pochi.

Hiyo "leseni ya mpelelezi" wengi wameiona kwenye filamu, na huko zinakotoka filamu ipo kweli. California, kwa mfano, anayetaka leseni hiyo lazima athibitishe saa 6,000 za kazi ya uchunguzi, sawa na miaka mitatu hivi, afanye mtihani na alama zake za vidole zichunguzwe. Lakini usidhani ng'ambo kote ni hivyo. Uingereza wana sheria ya sekta ya ulinzi tangu 2001, walinzi wao wanakata leseni, ila wapelelezi binafsi mpaka leo hawajalazimishwa. Jirani zetu Kenya walitunga sheria yao mwaka 2016 na kuunda mamlaka ya kusimamia ulinzi binafsi.

Hapa kwetu kinachoangaliwa ni kampuni. Imesajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara? Ina TIN na leseni ya biashara? Na muhimu kuliko yote, ina kibali cha Jeshi la Polisi cha kutoa huduma za ulinzi? Mtu mmoja mmoja mwenye kitambulisho cha tai hana popote pa kusimamia. Hata leseni halali ya biashara inasema tu kwamba unaruhusiwa kufanya biashara hiyo. Haimpi mtu ruhusa ya kumpekua mwenzake, kuingia kwake, wala kujitambulisha kama ofisa wa serikali. Hilo la mwisho ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, na mjini hapa, wanakojaa watumishi wa serikali, matapeli wanalipenda mno.

Sasa tuje kwenye ombi linaloongoza: mume, mke au mchumba. "Nitoleeni meseji zake tu, nione." Hapana. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha na mawasiliano ya kila mtu. Kunasa mawasiliano bila idhini ya kisheria ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na kuingia kwenye simu au akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Tangu Mei 2023 ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Anayekuahidi orodha ya simu zilizopigwa ama anakudanganya, ama ana mtu ndani ya kampuni ya simu anayevunja sheria. Na usijifariji kwamba wewe umetuma tu: aliyeshawishi kosa litendeke anashtakiwa pamoja na aliyelitenda.

Kazi yenye faida kwa mteja wa Dodoma, kwa maoni yetu, ni ya viwanja. Tangu serikali ihamie na CDA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia ustawishaji wa makao makuu na ardhi ya mji, ivunjwe mwaka 2017, kila mtu anauza kiwanja Ihumwa, Nala au Iyumbu. Wapo wenye hati, wapo wenye barua ya toleo tu (ile ya kugawiwa kiwanja kabla ya hati), wapo walioshika makaratasi ya upangishaji wa miaka 33 ya enzi za CDA, na wapo wenye maneno matamu. Hapa hahitajiki mtu wa kujificha nyuma ya gazeti. Unaomba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, unaona jina la mmiliki na kama kuna rehani au zuio. Kiwanja kisicho na hati unakwenda nacho idara ya ardhi ya jiji, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa majirani wa mpakani, tena siku ambayo muuzaji hayupo. Kampuni unaitafuta BRELA. Kesi zilizoamuliwa nyingi unazisoma bure TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Haya unaweza kuyafanya mwenyewe. Sisi tunalipwa kwa sababu foleni ni ndefu na watu wana kazi zao.

Kwa upande wa walinzi, omba uone majibu ya alama za vidole kutoka Polisi, cheti cha mgambo au JKT, na ushahidi kwamba mwajiri anachangia NSSF (hifadhi ya jamii) na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi). Mlinzi akiumia lindoni kwako bila WCF, familia yake itakuja kugonga geti lako kwanza. Kama ana bunduki, karatasi za silaha ziendane na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Silaha haiazimwi kama jembe. Mlinzi anaweza kumshika mwizi aliyemkuta akiiba, lakini lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumfungia stoo mpaka asubuhi "aongee" ni kesi yako wewe mwenye duka.

Ukija kwetu kwa uchunguzi wa kiwanja, njoo na nakala ya hati au barua, namba ya kitalu na ya kiwanja, na jina kamili la muuzaji kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Tunaandikiana mkataba unaotaja tutakwenda ofisi zipi, na risiti ya EFD unapewa siku hiyohiyo. Za mapenzi tunakuelekeza baraza la usuluhishi la ndoa kwenye kata yako.