Nitafutie stesheni ya Mjomba

Mji wa Kale, Mombasa

Shoga yangu Maimuna,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakusalimu sana na anauliza mbona kimya. Hata mimi nauliza, lakini leo silaumu, nina haja nawe.

Unaikumbuka ile santuri ya jazi ya Mjomba Swaleh, yenye picha ya mpiga tarumbeta amesimama chini ya reli ya juu, ile ya treni ipitayo kwenye nguzo juu ya njia? Tulipokuwa tukipanga vitu vyake baada ya arubaini, nikaona nyuma ya jalada ameandika kwa penseli: "Hapa ndipo nilipokaa, 1954." Tangu hapo Mama hana raha. Miaka yote ya ubaharia Mjomba alisema "Amerika" tu, basi. Sasa kila nikikaa naye ni lile lile: kaka yangu alikaa wapi huko?

Athumani kashikilia ni Chicago. Mimi nakataa. Katikati ya Chicago stesheni zina majina kama Quincy, si namba, na ile reli yao ya juu ya kwanza, ya upande wa kusini, ya 1892, ilipitishwa juu ya kichochoro nyuma ya nyumba. Kwenye jalada reli iko juu ya barabara kubwa, maduka huku na huku, ngazi za chuma zenye paa zinashuka hadi kando ya njia. Na kibao, nilipokitazama kwa kioo cha kukuzia, mwanzo wa namba umezibwa na bega la mpiga tarumbeta, imebaki "4TH ST". Hiyo ni New York, Maimuna, huko huko kwako, ambako stesheni nyingi zinaitwa kwa namba za mitaa.

Sasa sikiliza. Santuri kubwa hizi za plastiki zilianza kuuzwa 1948. Wakati huo, kati ya zile reli nne kuukuu za juu za Manhattan, kitovu cha New York, ya Sixth Avenue ilishafungwa 1938, ya Ninth karibu yote 1940, ya Second ikamalizika 1942. Iliyobaki nzima ni ya Third Avenue tu. Na huko Manhattan, stesheni zake zinazoishia na 4 ni tatu: 14, 34 na 84.

Treni ya mwisho ya Manhattan ilipita hapo tarehe 12 Mei 1955, kisha vyuma vikabomolewa. Yaani Mjomba alilala kando ya reli iliyokuwa inakaribia kufa, naye hakutuambia neno!

Moyo wangu uko kwenye 14. Nyuma ya mapaa kuna mnara umefifia, na juu yake kitu cha mviringo. Jengo la Con Edison, kampuni ya umeme, lenye mnara wa saa, liko pale pale 14th Street, karibu na Third Avenue. Lakini sitaki kumwambia Mama kwa kubahatisha.

Utaweza kwenda Jumapili? Ukisimama kwenye kona ile na kutazama magharibi, saa inaonekana? Kuna jengo la matofali la ghorofa nne, lenye ngazi za moto mbele? Nikikutumia picha ya jalada, utalinganisha madirisha? Na yule mzee wa Kibajuni wa Brooklyn, bado yu hai? Wewe je, ile kazi ya usiku umeiacha? Nijibu upesi, hata kwa mistari miwili.

Wako,
Rukia