Yale maneno ya fasihi yanayokusumbua

Shoga yangu,

Za huko Tanga? Meseji yako niliisoma kwenye daladala mpaka nikapitiliza kituo, eti unarudia mtihani wa kidato cha nne halafu Kiswahili unataka ukiruke kisa maneno ya fasihi, jamani usikiruke, hebu nisikilize kwanza.

Hiyo dhamira inakuchanganya kwa sababu unasoma notsi za huku na zile za binamu yako wa Mombasa kwa pamoja. Kwetu dhamira ni lile jambo linalozungumzwa, mfano rushwa au malezi, nayo inakaa ndani ya maudhui, yaani yale yote yanayosemwa na hadithi au shairi, pamoja na ujumbe, migogoro, falsafa. Kenya jambo hilohilo ndo wanaliita maudhui, na dhamira kwao ni lengo la mwandishi. Hakuna aliyekosea, ila kwenye karatasi ya NECTA wewe fuata ya huku. Na ujumbe uandike sentensi nzima, ukiandika "malezi" hiyo bado ni dhamira, andika "mtoto anayepigwa kila siku hujifunza kuficha mambo", hapo umetoa ujumbe.

Muundo na mtindo ni hii barua hii. Nimeanza na meseji yako nikaja kwenye maneno, huo mpangilio ndo muundo, halafu naongea peke yangu kwa "mimi", hiyo monolojia na nafsi ya kwanza ndo mtindo.

Tashbiha, yaani kufananisha vitu viwili kwa kiunganishi mfano "kama", ndo inaniuma hasa, maana kila Jumamosi nasahihisha madaftari ya watoto wa tyusheni na wakiona "kama" tu wanapigia mstari. Juzi binti mmoja kapigia "kama mvua ikinyesha sitakuja", sasa hapo nini kimefananishwa na nini? Hilo ni sharti tu. Ila "machozi yalimtoka kama mvua" sawa, ni tashbiha, na ukisema "yule mzee ni simba" bila kiunganishi ushaingia kwenye sitiari. Halafu ukishaitaja usiishie hapo shoga, sema inafanya kazi gani, kwamba mzee akiingia nyumbani watoto wananyamaza wote, maana kutaja jina la tamathali peke yake sio uchambuzi.

Ushairi wala usiuogope, gonga meza kwa kidole, kila silabi mara moja, hizo ndo mizani. Na-ku-a-ndi-ki-a-le-o, nane, hicho kipande cha kwanza cha mstari ndo ukwapi. Ra-fi-ki-wa-ngu-wa-dha-ti, nane tena, hicho cha pili ndo utao, jumla mizani 16, mshororo, yaani mstari mzima wa shairi, umetimia. Wengi wanapotelea kwenye m na n: m-tu mizani 2, n-chi 2, ila mbu-zi nayo ni 2 sio 3, itamke taratibu utasikia m na b zinatoka pamoja.

Jumapili jioni niko nyumbani, tafuta hadithi yoyote fupi unipigie tuisome wote ukurasa mmoja tu, bando likikata ntakurushia. Msalimie mama, mwambie dagaa walifika salama.