Barua kwa Salim kuhusu riwaya ya Kiuzbeki

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na pale ulipoandika kwamba riwaya ya Kiuzbeki ni kivuli tu cha riwaya ya Kiingereza ndipo paliponinyima usingizi. Kuchelewa imechelewa, sikatai: Robinson Crusoe ya Daniel Defoe ilitoka mwaka 1719, ilhali O‘tkan kunlar, yaani Siku Zilizopita, ya Abdulla Qodiriy, inayohesabiwa kuwa riwaya ya kwanza ya Kiuzbeki, ilianza kuchapwa jaridani mwaka 1922. Lakini hebu zifungue zote mbili. Crusoe anaanza kwa kusema alizaliwa mwaka 1632 mjini York. Qodiriy naye anaanza na tarehe: mwaka 1264 Hijria, siku ya kipupwe, jua limekuchwa na adhana ya magharibi inasikika kila upande. Katika hekaya ya Tahir na Zuhra, ambayo Wauzbeki wameirithi kizazi hadi kizazi, mapenzi hayana mwaka; na Qodiriy anasema waziwazi katika dibaji yake kwamba anataka kuwapa watu Tahir na Zuhra wa zama zao. Hapo utaona kwamba mbegu aliitoa nyumbani.

Jambo jingine ni barua. Samuel Richardson aliijenga Pamela, mwaka 1740, kwa barua za msichana mtumishi, nasi tukamjua kwa mkono wake mwenyewe. Kwa Qodiriy barua ni silaha: Homid, anayemtamani Kumush, anaghushi barua ya talaka kwa jina la mume wa Kumush, Otabek, na karatasi hiyo moja inaivuruga nyumba nzima.

Tofauti kubwa naiona kwingine. Waingereza walipata karne nzima ya wachapishaji na wasomaji wa kukosea na kujirekebisha nao. Qodiriy alikamatwa na utawala wa Kisovieti mwishoni mwa 1937, akapigwa risasi Tashkent tarehe 4 Oktoba 1938, pamoja na Cho‘lpon, mwandishi wa riwaya iitwayo Usiku na Mchana. Sehemu ya usiku ilichapwa. Ya mchana haijaonekana hadi leo.

Tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha Qodiriy ninayo, nitakutumia. Ukifika kwenye ile talaka ya kughushi, tafadhali niandikie kabla hujaendelea.

Wako,
Hamisi