YAH: KISHIKWAMBI MLICHONIUZIA KWA AHADI YA SKRINI MBILI

Dar es Salaam,
2 Machi 2026

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa heshima, ingawa heshima yenyewe imebaki kidogo na naitumia kwa kubana, kama bando la mwisho wa mwezi.

Taratibu zenu sitazieleza, mnazijua kuliko mimi: siku 7 za kurudisha, fomu, saini ya fundi. Ninachotaka mkijue ni kilichotokea Jumamosi tarehe 14 Februari, saa tano asubuhi, kwenye duka lenu la Kariakoo, mbele ya watu.

Nilisimama kaunta nikamweleza kijana wenu kwa upole kwamba kifaa hakitoi skrini mbili kama nilivyoahidiwa, yaani kitu kimoja kwenye TV na kingine mkononi. Akakichukua mkononi mwangu bila kuomba, akakichomeka kwenye ile TV kubwa ya ukutani iliyokuwa ikirudia mechi. Skrini ya kishikwambi changu ikatokea pale juu, ukanda mweusi kulia na kushoto. "Si hii hapa, mama? Inaonyesha." Nikamwambia, mwanangu, kuonyesha inaonyesha, sibishani na hilo. Hakunisikiliza. Akafungua WhatsApp yangu kwa kidole chake. Meseji ya kwanza ilikuwa ya mhazini wa kikoba chetu, kwamba rejesho langu limechelewa siku nne. Ikasomeka ukutani, duka zima. Na kijana wenu, badala ya kuchomoa waya, akacheka: "Kumbe mama una madeni, ndiyo maana unataka pesa irudi!"

Watu wakacheka naye.

Sasa tuje kwenye kifaa. Mliniuzia iPad Pro ya inchi 11, iliyotumika, shilingi 1,450,000, pamoja na adapta ya HDMI, ya kukiunganisha na TV, ya shilingi 85,000. Mgongoni imeandikwa A1980 kwa herufi za kupekecha macho. Hiyo ni ya mwaka 2018, chipu yake ni A12X. Kwenye rafu mliibandikia karatasi: "Inafanya kazi kama kompyuta. Madirisha mengi. Skrini mbili kwenye TV." Karatasi hiyo nimeipiga picha, ninayo.

Apple walipotangaza Stage Manager, ule mfumo wa kufungua madirisha mengi kwa pamoja, Juni 2022 walisema ni ya vishikwambi vyenye chipu ya M1, mpya kuliko ya hiki changu. Wenye Pro za zamani wakalalamika, na Septemba mwaka huohuo wakafunguliwa wenye Pro za 2018 na 2020, lakini kwa skrini ya kifaa chenyewe tu. Ile ya kutanua kazi hadi skrini ya nje ilikuja Desemba na toleo la programu la iPadOS 16.2, ikabaki kwa wenye M1 kwenda juu. Mwaka jana iPadOS 26 imeleta madirisha hata kwa vishikwambi visivyo na chipu za M, na hapo ndipo muuzaji wenu alipopata nusu ya ukweli akanijazia nusu ya pili kutoka kichwani mwake. Madirisha yapo, nimeyaona, yanafunguka vizuri. Lakini ukichomeka TV, hiki cha 2018 kinaakisi tu. Unachokiona mkononi ndicho kinachoonekana ukutani. Kufungua leja kwenye TV huku mkononi nimeshika kitu kingine, hakiwezi.

Haya yote mpwa wangu aliyapata kwa dakika 20 za kusoma, na yeye anauza viatu. Ninyi mnauza vishikwambi.

Kifaa chenyewe sikilaumu, na naomba mnielewe hapo. Ni kizuri, betri inakaa, kalamu inaandika. Cha 2018 kina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4, M1 inaanzia GB 8. Mzee habebeshwi gunia la kijana. Punda wenu ni mzima kabisa. Farasi niliyemlipia ndiye simwoni.

Tena niliuliza. Siku ya kununua, Jumanne tarehe 3 Februari, nilimwambia muuzaji wazi kwamba nafundisha utunzaji wa vitabu kwa wafanyabiashara wadogo, darasa la jioni, Tabata. Nataka wanafunzi waone leja kwenye TV, na mimi mkononi niwe na majibu na orodha ya alama zao. Nikamuuliza mara mbili: vitu viwili tofauti, kwa wakati mmoja? Akasema, "Mama, ukiisasisha tu, inakuwa kompyuta kamili." Nikaisasisha palepale dukani kwa bando langu la wiki nzima, likaisha lote, na yeye akinisifu kwamba mama uko vizuri na teknolojia.

Alhamisi tarehe 5 nikaanza darasa. Watu kumi na mmoja, wengine wametoka sokoni moja kwa moja na mifuko yao. Nikachomeka, leja ikatokea, wakafurahi. Nikafungua majibu yangu ili nisahihishe, na majibu nayo yakatokea ukutani. Nikafunga haraka nikafungua orodha ya mahudhurio, nayo ikatokea, pamoja na nani hajalipa ada. Muuza vipuri mmoja akaniuliza, "Mwalimu, majibu hayo tunakili au tusubiri?" Nikaahirisha darasa. Ada nilizokuwa nizipokee jioni ile sikuzipokea.

Kesho yake, Ijumaa tarehe 6, nilikuwa dukani kwenu. Siku ya tatu, Ndugu Meneja. Nikaambiwa fundi yuko msibani, nirudi wiki ijayo. Nikatoa pole, nikaomba wanigongee muhuri kwamba nilifika. Nikaambiwa, "Usijali mama, tunakukumbuka." Wiki ijayo nikarudi, na aliyenikumbuka hakuwepo, na siku 7 zikawa zimepita. Kama siku zenu zinahesabiwa kuanzia fundi atokapo msibani, basi andikeni hivyo kwenye karatasi yenu.

Tarehe 20 mlinipigia, nashukuru. Dada aliyepiga alikuwa na adabu, lakini suluhisho lake lilikuwa nitumie Keynote, kwa kuwa inaonyesha slaidi kwenye TV na maelezo yanabaki kwa mwalimu. Ni kweli inafanya hivyo, mpwa wangu alishanionyesha. Lakini leja yangu iko kwenye Excel, inajumlisha, mwanafunzi akikosea namba anaona jumla inavyobadilika. Slaidi haijumlishi. Mteja akinunua jembe hamwambii alimie kijiko.

Nilichokuwa nimeomba tangu awali ni mnibadilishie. Pale rafuni mlikuwa na iPad Air ya 2022, yenye M1, ambayo kazi hii inaiweza. Nilikuwa tayari kuongeza tofauti. Hilo ndilo ombi nililokuja nalo tarehe 14, na nilikuja nalo nikiwa nimetulia.

Narudi tena kwenye tarehe 14, maana nikilala nalala nayo.

Kijana wenu hakukosea kubonyeza. Nilimwona. Aliangalia kwanza TV, akaangalia watu, ndipo akaifungua WhatsApp, kwa kujionyesha tu. Meseji ilisomeka yote: "Mwalimu, rejesho limepita siku nne, wenzako wananiuliza." Kijana mmoja aliyekuja kununua chaja aliisoma kwa sauti, kama anasoma tangazo. Ndipo yule wenu akasema lile neno la madeni. Nilimwambia chomoa. Hakuchomoa, alikuwa bado anacheka. Nikaunyosha mkono juu ya kaunta nikachomoa waya mwenyewe, adapta ikaanguka chini, na akanijibu, "Ukivunja hiyo mama, utalipa." Adapta niliyoinunua kwake! Msimamizi wenu alikuwa amesimama mlangoni na chai. Hakusema kitu. Mlinzi peke yake ndiye aliyeniokotea adapta, akasema "pole mama." Huyo mlinzi mpandisheni cheo.

Na deni lile, kwa kuwa lilishasomwa ukutani, acha niwasomee na ukurasa wa pili. Mkopo ule wa kikoba niliuchukua Januari ili ninunue kifaa chenu. Rejesho la tarehe 10 lilikuwa litoke kwenye ada za darasa. Darasa lilikwama kwa sababu ya kifaa. Kijana wenu alinicheka kwa deni mlilonitengenezea ninyi.

Tena oneni lilivyo jambo la ajabu: kama kifaa kile kingekuwa na skrini mbili mlizoniahidi, WhatsApp ingefunguka mkononi mwake na TV ingebaki na leja. Aliponidhalilisha alithibitisha malalamiko yangu. Mashahidi mlikuwa nao duka zima.

Mlipopiga tarehe 20 nilikuwa bado nakubali kubadilishiwa. Sikubali tena. Ramadhani imenikuta na hasira hii kifuani na nimejitahidi kuituliza, naona haitulii. Nataka shilingi 1,535,000 taslimu, yaani kifaa na adapta. Nataka barua ya kuniomba radhi yenye saini yako, wala isiwe ya kijana, maana kijana alifundishwa na mtu. Na karatasi ile ya "skrini mbili" ibanduliwe kwenye vifaa vyote visivyo na M1 kwenda juu. Jana nilimtuma mpwa wangu apite, bado ipo.

Nauli zangu nne za kuja Kariakoo nilikusudia kuwasamehe. Nimebadili mawazo, ziongezeni.

Nawapa hadi Ijumaa tarehe 6 Machi. Baada ya hapo nitapeleka jalada lote Tume ya Ushindani, pamoja na picha ya karatasi yenu, maana Sheria ya Ushindani ya 2003 inamkataza muuzaji kumpotosha mnunuzi. Kuhusu kufungua meseji zangu mbele ya umma bila idhini yangu, nitakwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria yake ni ya 2022, ni mpya kuliko bidhaa mliyoniuzia. Na kuna jambo la tatu ambalo sikupenda kuligusa. Siku ya kununua nilipewa risiti ya kuandikwa kwa mkono, mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, ikidaiwa kuwa mbovu. Tarehe 6 Februari ilikuwa mbovu. Tarehe 14 ilikuwa mbovu. Mimi nafundisha utunzaji wa vitabu, Ndugu Meneja. Nilikosea kuipokea risiti ile na niko tayari kwenda TRA, Mamlaka ya Mapato, kuungama kosa langu. Nitakuwa na ya kwenu mkononi.

Nimeambatisha nakala ya risiti hiyo, picha ya karatasi ya rafuni, na picha ya mgongo wa kifaa inayoonyesha A1980.

Kama kufikia Ijumaa mtakuwa kimya, Jumatatu tarehe 9 nitakuja dukani mwenyewe, saa tano asubuhi, kabla ya kuanza mzunguko wa ofisi hizo. TV muizime.

Wenu,

Mwalimu wa Tabata,
mteja wenu wa tarehe 3 Februari.