Tunahesabu magunia, hatuulizi kilichomo

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na asubuhi zangu nyingi zimepita mbele ya mzani. Mtoto anavuliwa nguo, anapimwa, nukta inawekwa kwenye kadi, na mama anautazama uso wangu kabla hajaitazama kadi. Nukta ikipanda tunafurahi wote. Ikishuka, au ikikaa palepale mwezi wa pili na wa tatu, maneno nilikuwa nayo tayari mdomoni: mpe maziwa, mpe yai, mpe samaki, mpe mboga za majani na matunda, mtilie karanga kwenye uji.

Ushauri ule ulikuwa sahihi, lakini ulikuwa nusu. Akina mama wengi walirudi wakiwa wametekeleza kila nililosema, kwa fedha waliyoipata kwa taabu, na bado mtoto alikuwa ameharisha mara mbili tangu tulipoonana. Sikuwa nawauliza maziwa yalikaa juani saa ngapi kabla ya kununuliwa. Sikuuliza mboga ziliogeshwa kwa maji gani sokoni ili zionekane mbichi, wala karanga zilihifadhiwa wapi tangu zivunwe. Nilikuwa nafundisha lishe kana kwamba usalama wa chakula ni somo la mtu mwingine.

Naandika barua hii kwa sababu kosa langu lile naliona likirudiwa na serikali za nchi maskini, na wafadhili wao, kila mpango mpya wa chakula unapotangazwa. Tunatajiwa tani zilizovunwa, mbolea ya ruzuku, bei ya nafaka, idadi ya kaya zilizofikiwa. Usalama wa chakula unakuja mwishoni, katika aya moja, au unaachiwa idara nyingine yenye wakaguzi wachache na gari bovu.

Kuna jambo moja ambalo nadhani halisemwi vya kutosha. Vyakula vyenye lishe kubwa ndivyo vinavyoharibika upesi na kubeba vijidudu kwa urahisi. Nafaka kavu inaweza kukaa ghalani miezi; maziwa, nyama, samaki, mboga na matunda havina subira hiyo. Kwa hiyo tunapowahimiza maskini waachane na mlo wa wanga mtupu, tunawasogeza kwenye vyakula vinavyohitaji maji safi, kivuli, ubaridi na mikono iliyonawiwa, vitu ambavyo masoko yao hayana. Lishe na usalama haviwezi kutenganishwa. Ukimpa mtoto kimoja bila kingine, tumbo linakirudisha ulichompa. Mtoto anayeharisha hanufaiki na alichokula, hamu ya kula inamtoka, mwili wake unatumia akiba kupambana na ugonjwa, na anapopona anakuwa dhaifu zaidi mbele ya ugonjwa unaofuata. Mama anaona mtoto anakula. Mzani unaona kingine.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio yake ya kwanza ya dunia nzima kuhusu magonjwa yanayotokana na chakula: watu milioni 600 huugua kila mwaka, na 420,000 hufa. Kati ya hao wanaokufa, 125,000 ni watoto wa chini ya miaka mitano. Watoto wa umri huo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya watu duniani, lakini wanabeba karibu theluthi moja ya vifo hivyo. Mzigo mkubwa zaidi uko Afrika na Asia ya Kusini-Mashariki. Ripoti ya Benki ya Dunia iliyotolewa mwaka 2018 ilikadiria kuwa chakula kisicho salama kinazigharimu nchi za kipato cha chini na cha kati dola bilioni 110 kwa mwaka, kwa nguvu kazi inayopotea na matibabu. Hasara hiyo haimo katika hesabu ya tani zilizovunwa, ingawa inatoka mifukoni mwa walewale tunaodai kuwalisha.

Kuhara angalau kunaonekana. Kinachonitia hofu zaidi ni kile kisichoonekana, nacho ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mazao.

Dunia iliitambua sumu hii baada ya mwaka 1960, pale zaidi ya batamzinga 100,000 walipokufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Chanzo kilipofuatiliwa kilikuwa mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Ukungu huo hupenda mahindi na karanga, hasa mazao yaliyoteswa na ukame shambani na kisha kuwekwa ghalani kabla hayajakauka vizuri. Sumu yake haina harufu wala ladha, na moto wa jikoni hauiondoi. Ikiwa nyingi huua kwa wiki chache: mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao walikufa baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 ilitokea katika Tanzania ya kati, wakaugua 68 na kufa 20. Ikiwa kidogo kidogo, siku baada ya siku, husababisha saratani ya ini, na hatari hiyo huongezeka sana kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Watafiti wameihusisha pia na udumavu wa watoto. Nami ndiye niliyekuwa nikisema, mtilie karanga kwenye uji.

Sisemi karanga ziachwe. Ni chakula kizuri, na kwa maskini ni miongoni mwa vyanzo vichache vya protini na mafuta wanavyoweza kuvifikia. Nasema mkulima anayetakiwa kuzikausha vizuri apewe turubai la kuanikia, ili zisilale kwenye udongo. Nafaka ikaushwe hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13 au 14, na kipimo cha unyevu kiwepo pale mazao yanaponunuliwa, maana kwa kung'ata punje kwa meno hakuna anayeweza kuwa na hakika. Mifuko isiyopitisha hewa inazuia wadudu na ukungu ghalani bila dawa, ila mkulima asiye na akiba hawezi kuinunua mwaka wa kwanza, na hapo ndipo ruzuku ingefanya kazi yake. Kuchambua punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na zilizovunjika kunapunguza sumu kwa kiasi kikubwa, na kukoboa mahindi pia husaidia.

Lakini je, zile zilizochambuliwa zinakwenda wapi? Swali hili linanikosesha usingizi. Mwenye njaa hatupi chakula kwa sababu ya sumu asiyoiona. Punje mbovu huuzwa kwa bei ya chini, na anayenunua kwa bei ya chini ni maskini kuliko aliyeuza. Au hupewa ng'ombe, na sumu ikapita kwenye maziwa. Tukimwambia mkulima atenge zilizoharibika, lazima pawepo na mahali pa kuzipeleka na chochote cha kumfidia, la sivyo tumehamisha tu ugonjwa kutoka nyumba moja hadi nyingine.

Jambo la pili linaloniuma ni mahali ukaguzi unapofanyika. Nchi nyingi maskini zina maabara nzuri kwa ajili ya mazao yanayokwenda nje. Umoja wa Ulaya hauruhusu karanga za kuliwa moja kwa moja zizidishe mikrogramu 4 za sumukuvu kwa kilo, kwa hiyo shehena hupimwa bandarini, na inayoshindwa hukataliwa. Ni sawa, wanalinda watu wao. Ila shehena iliyokataliwa haiyeyuki angani. Mlaji wa Ulaya ana mtu anayempimia, na mtoto aliyezaliwa jirani na shamba lenyewe hana. Maabara ni zilezile na wataalamu ni walewale. Kilichokosekana ni uamuzi wa kupima pia kile kinacholiwa nyumbani.

Na pale uamuzi unapofanyika, mara nyingi unakuja kwa sura ya fujo. Wachuuzi wanafukuzwa, meza zinavunjwa, vyakula vinamwagwa, kisha inasemwa kwamba usafi umerudi. Baada ya siku chache soko limerudi kichochoroni, bila maji kabisa. Maskini ananunua sokoni na kwa wachuuzi kwa sababu pale anapata kipimo kidogo kinacholingana na fedha aliyonayo leo, na wakati mwingine anakopeshwa. Ukilivunja soko lile humpeleki kwenye duka lenye majokofu. Unampunguzia chakula.

Njia nyingine ipo na imeshajaribiwa. Nchini Kenya, wauzaji wadogo wa maziwa mabichi waliishi miaka mingi wakisumbuliwa, hadi utafiti uliohusisha Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo ulipoonyesha kwamba karibu kila mnunuzi aliyachemsha maziwa nyumbani, na kwamba hatari iliyobaki ingepungua kwa mafunzo na vyombo bora. Kuanzia mwaka 2004 msimamo wa serikali ulibadilika, wakaanza kufundishwa na kupewa leseni. Mtu mwenye leseni ana kitu cha kupoteza. Aliyezoea kukimbia askari hana sababu ya kununua chombo kizuri ambacho kesho kitanyang'anywa.

Ukali nao una mahali pake, na sitaki nieleweke kana kwamba naukataa. Bangladesh wasindikaji fulani walikuwa wakiyapaka manjano, kile kiungo cha mchuzi, rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na huo hauponi. Utafiti ulipotangazwa mwaka 2019, serikali iliwaonya wananchi, ikawaadhibu wauzaji hadharani, ikatumia vifaa vinavyobaini risasi papo hapo sokoni. Sampuli zenye risasi zilikuwa asilimia 47 mwaka ule. Mwaka 2021 hazikupatikana tena. Hii ilikuwa miaka miwili tu, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 160 na masoko yasiyohesabika. Tofauti ni kwamba pale adhabu ilimfuata aliyetia sumu kwa makusudi. Haikumwangukia mwanamke anayeuza mboga mahali ambapo hakuna bomba.

Najua nitaambiwa kwamba maskini anataka shibe kwanza, na kwamba viwango vikali vitapandisha bei. Hoja hii siidharau. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2024 watu bilioni 2.6 duniani hawakumudu gharama ya mlo kamili, na katika nchi za kipato cha chini ni zaidi ya watu 7 katika kila 10. Kiwango kitakachompandishia bei mtu huyu bila kumpa chochote ni dhuluma, nami nitakipinga. Lakini bomba la maji sokoni, paa la kivuli, choo chenye mahali pa kunawa, barafu ya samaki na mafunzo ya siku chache havipaswi kulipwa na mteja mmoja mmoja. Hivyo ni vitu vya umma kama barabara. Barabara tunajenga bila kumuuliza mpita njia atalipaje, na mara nyingi tunajenga barabara inayopita mbele ya soko lisilo na bomba.

Tena, anayesema shibe kwanza anadhani maskini hagharimiki anapougua. Nimewaona wakiuza kuku, wakikopa, wakipoteza siku tatu za kibarua wakiwa wamekaa na mtoto wodini. Fedha ile ilikuwa ya chakula cha wiki ijayo.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo, nawe unaweza kulianza wiki hii. Wizara inapotangaza mavuno, waandishi wako waulize ni sampuli ngapi zilizopimwa sumukuvu kutoka kwenye masoko ambamo wananchi wa kawaida hununua, mbali na zile za kusafirishwa nje, na ni ngapi zilizoshindwa. Bajeti ya masoko inaposomwa, waulize ni mangapi yana maji ya bomba yanayotoka mchana kutwa. Wakijibiwa kwamba hakuna aliyepima wala kuhesabu, jibu hilo lichapwe lilivyo, kwenye ukurasa uleule wenye idadi ya tani.

Muuguzi wa mama na mtoto